Msaragambo wa Kutafuta Karatasi ya Chipu

Haya jamani, nyie mliokaa nyuma sogeeni, mimi sipayuki kama makondakta wa Hedaru. Nawapa habari ya kinanda cha kanisa letu kule juu Chome, kile cha umeme, kilichokuja enzi ambazo kompyuta ilikuwa kubwa kuliko ng'ombe.

Kilizima wiki moja kabla ya sikukuu ya mavuno. Nikaitwa mimi, fundi redio. Nikafungua mgongo, nikakuta chipu moja nyeusi, ndefu kama treni, ina miguu arobaini. Mguu mmoja umeliwa na kutu mpaka umekatika, na njia yake kwenye bodi imeungua, hujui ulikuwa unaelekea wapi.

Mwenyekiti wa wazee wa kanisa akaniuliza, "Fundi, utaweza?"

Mdomo wangu huwa unaondoka kabla yangu. Nikasema mbele ya kwaya nzima, "Jumapili kisipolia, chuma changu cha kulehemu nakitupa korongoni, narudi kulima tangawizi."

Wakapiga makofi. Mke wangu hakupiga.

Shule mimi niliichungulia dirishani tu, lakini hili nalijua: kila chipu ina karatasi yake, inayosema mguu huu unakula umeme, huu unatoa sauti. Bila hiyo unabahatisha, na ukikosea mguu mmoja umezika kinanda.

Nikashuka mpaka Same kwa dada wa steshenari. Akaandika ile namba iliyochapwa juu ya chipu, akatafuta mpaka kompyuta ikatoka jasho.

"Mjomba, hii hata walioitengeneza wameshaisahau," akasema. Mwishowe akapata picha moja, imekopiwa na kukopiwa mpaka miguu yote inaonekana kama moshi wa jikoni.

Ijumaa nikapanda tena, mikono mitupu. Mwenyekiti hakunicheka. Akaamuru pembe ipigwe. Na kwetu Upare pembe ya msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, ikilia, kila nyumba inatoa mtu. Wakaja na majembe, wakidhani ni kuchimba mfereji.

"Rudisheni majembe," akawaambia. "Leteni kila karatasi ya Kiingereza mliyonayo."

Zikaja. Maelekezo ya cherehani, ya pampu, ya redio zilizokufa kabla sijazaliwa. Lile lundo lilipanda mpaka msitu wa Shengena ukaona wivu. Mwalimu mmoja mstaafu akakaa katikati anasoma. "Siyo. Siyo. Hii ni ya dawa ya kupe. Siyo."

Saa tisa mchana lundo likaisha. Nikaanza kuliangalia korongo.

Ndipo akaja mama anayefagia kanisa, amekumbatia ile Biblia ya Kiingereza, nene, jalada jeusi, karatasi laini, ambayo wazee wa kanisa huwekea mkono wakiapishwa.

"Mmesema kila Kiingereza," akasema. "Nisije nikalaumiwa."

Watu wakacheka. Mwalimu akaipokea kwa mikono miwili, akaifungua katikati, akasafisha koo.

"Mguu wa kwanza," akasoma, "volti tano."

Akageuza ukurasa. Miguu tena.

Kumbe mzungu aliyeleta kinanda alikiacha kitabu chake cha chipu kwenye kasha. Kwa kuwa kilikuwa cheusi, kina maandishi madogo yenye namba kila mstari, wote tulikidhania Biblia, na nani angethubutu kukichunguza? Tukafunua, tukaikuta chipu yetu, miguu arobaini imepangwa kama kwaya. Ule uliokatika ndio ulikuwa unapeleka sauti. Nikalehemu uzi wa waya mwembamba kuliko unywele wa kichanga.

Nikawasha.

Jamani, kilinguruma mpaka mbega wakashuka kuuliza ibada saa ngapi. Chini huko barabarani malori yakapaki pembeni. Kwaya ikadaka wimbo, wakanibeba juujuu, na mke wangu ndiye aliyepiga makofi kuliko wote.

Mwenyekiti peke yake hakuimba. Alisimama mbele ya kile kitabu, anautazama mkono wake wa kulia. Wimbo ulipoisha akanigeukia.

"Fundi, kwa hiyo miaka yote hii mimi ni mzee wa kanisa au ni fundi redio?"