Mwalimu Anajifunza Baiskeli

Kitinda mimba wangu alipoenda chuo, nyumba yetu ya Kitengela ilinyamaza ghafla. Nilikuwa nimestaafu ualimu mwaka huohuo. Mume wangu hutoka alfajiri kwenda kazini Nairobi, nami nikawa nabaki kitandani na simu mkononi, nikisoma mambo ya watu hadi saa tatu. Nikiinuka, moyo ulikuwa mzito na sikujua kwa nini.

Nikadhani ni presha, nikaenda kliniki. Daktari, msichana wa umri wa binti yangu, akapima, akatikisa kichwa.

"Presha iko sawa, mama. Asubuhi unafanyanga nini?"

"Nashika simu."

"Basi simu ilale jikoni. Ukiamka, kunywa maji, toka nje upate jua, na ufanye kitu kimoja unapenda. Kila siku, saa ileile. Ukuje uniambie baada ya wiki tatu."

Kitu ninachopenda! Nilitembea hadi nyumbani nikikitafuta. Kwetu Nyeri, nilipokuwa mdogo, baiskeli ilikuwa ya baba na kaka zangu. Msichana akiigusa, alifokewa. Na sasa stoo yangu ilikuwa na baiskeli nzima ya mwanangu, inakaliwa na buibui. Nilianza kucheka peke yangu barabarani.

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu nilikunywa maji, nikavaa suruali ya mazoezi, nikaikokota baiskeli hadi barabara ya vumbi nyuma ya ploti yetu. Nilipanda. Nilienda hatua tatu hivi, nikaingia kwenye ua wa miiba.

Hapo ndipo akatokea mama anayetuletea maziwa, jirani yangu Mmaasai ambaye boma lake liko ng'ambo ya korongo. Miaka sita tulikuwa tumesalimiana tu langoni.

"Takwenya," akanisalimia kwa Kimaa.

"Iko," nikaitikia salamu kutoka ndani ya miiba.

"Mwalimu, imekuangusha?"

"Imeniangusha, yeyo."

Yeyo ni mama kwa Kimaa, na hivyo ndivyo nilivyozoea kumwita. Aliweka madumu yake chini, akakaza shuka kiunoni, akashika keria kwa nyuma. "Panda. Na usiangalie chini! Ng'ombe akitembea anaangalia kwato zake?"

Kila asubuhi akawa anakuja mapema, anashika keria, anakimbia nyuma yangu akinifokea kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilichubuka magoti. Niliumwa na mgongo. Lakini nilianza kuamka kabla ya kengele, nikisikiliza kama kumekucha! Siku ya tisa nilimuuliza kama amechoka, nikasikia sauti yake ikitoka mbali sana.

"Nilikuachilia kitambo!"

Nilipiga yowe. Mbwa wakabweka, mlinzi wa ploti ya jirani akatoka na blanketi begani, akapiga makofi. Nilizunguka ploti yetu mara mbili kwa sababu sikujua kusimama.

"Sasa ni zamu yangu," yeyo akasema nilipoanguka taratibu miguuni pake.

Yeye alichukua siku nne. Nne tu! Niliona wivu kidogo, nisidanganye.

Mvua ilipokuja, udongo mweusi ulinata kwenye magurudumu, hatukuweza kuendesha. Asubuhi ya kwanza ya mvua ule uzito ulirudi kunikalia kifuani. Niliamka hivyohivyo, nikanywa maji, nikafungua mlango. Yeyo alikuwa anakuja na mwavuli. Tulikunywa chai barazani, akanifundisha kuhesabu kwa Kimaa, na nilipokosea alicheka hadi akashika nguzo. Kufikia saa mbili nilikuwa mtu mwingine.

Wiki tatu zilipoisha nilienda kliniki kwa baiskeli. Daktari alitoka nje na koti lake jeupe kuja kuitazama.

"Ni wewe umeendesha?"

"Ni mimi!"

Akaomba nimwonyeshe, nikamwonyesha, wagonjwa wote wakisimama mlangoni.

Yeyo naye alinunua yake, kuukuu, ya kubebea maziwa. Jumamosi iliyopita tulikubaliana kwenda Kisaju kwa njia ya ndani, mbali na malori ya barabara ya Namanga. Jua lilikuwa linachomoza, umande bado uko kwenye nyasi. Tulipofika penye mteremko mrefu, upande wa kushoto pundamilia walikuwa wanakula nyasi. Waliinua vichwa, wakaanza kukimbia sambamba na sisi.

"Mwalimu, kanyaga! Watatushinda!" yeyo akaita, shuka lake jekundu likipepea.

Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote.