Chapati Mbili Kabla ya Kisu

Nilikula. Naanza na hilo nisije nikajificha nyuma ya maneno mengine. Niliambiwa kwa Kinyarwanda, nikaambiwa kwa Kiswahili, na mama akanirudia tukiwa njiani kurudi nyumbani: baada ya chakula cha jioni usitie kitu mdomoni, hata maji. Mimi nikala chapati mbili na maharagwe, nikashushia chai ya maziwa, kisha nikaenda kulala chini ya kisu cha daktari na tumbo limejaa kama gunia la sokoni.

Wala sikula kwa njaa. Nilikula kwa kiburi. Ilikuwa Ramadhani, na sisi Waislamu wa Nyamirambo, hapa Kigali, tunajua kufunga kama wengine wanavyojua kunywa bia. Nimefunga tangu sijamaliza kung'oka meno ya utoto. Tunakula daku kabla ya alfajiri, tunafumba mdomo, na mchana kutwa hakuna anayekufa. Sasa aje Sista wa hospitali, na msalaba wake shingoni, mtu ambaye mfungo wake ni kuacha nyama siku ya Ijumaa, atufundishe sisi jinsi ya kukaa na tumbo tupu? Nilijiambia kwamba nikila daku, hadi wafike kunishika, nitakuwa nimefunga vizuri kuliko mgonjwa yeyote katika hospitali ile.

Bibi alinikuta nyuma ya jiko na chapati ya pili mkononi. Hakunikemea. Bibi yangu huniita mume wake, na mume halali njaa.

"Kula, mume wangu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Watakukata, damu itoke wapi kama tumbo halina kitu? Ila mkeo mdogo asikuone."

Mke mdogo ndiye mama. Alikuwa chumbani anasali.

Kisu chenyewe kilikuwa cha masikio. Masikio yangu yalikuwa yametoka nje kama milango miwili iliyosahauliwa wazi. Mtaani waliniita Antena. Miaka hii ya vita kila nyumba ina redio, na kila jioni wanaume wanaizunguka kama moto, kwa hiyo nikipita lazima mmoja apige kelele: "Yewe Antena, hebu tegesha, vita vimefika wapi?" Nami najibu: "Vimekaa chini vinakunywa chai, vimesema vitakuja kesho." Wanacheka. Shuleni upepo ukivuma nilikuwa naita, "Nishikeni, sha, naruka!" Nimejifunza mapema kwamba ukijicheka wewe kwanza, mwenzako anabaki na mdomo wazi hana la kusema.

Nyumbani vilevile. Baba anaendesha lori, na tangu mpaka wa kaskazini ufungwe anazunguka mbali kupitia Tanzania, anakaa huko wiki juu ya wiki hatujui yuko wapi. Mama anashona nguo kwenye baraza ya duka la mjomba wake, na akirudi jioni uso wake unakuwa kama kitambaa kilichokunjwa vibaya. Kazi yangu ilikuwa kuupiga pasi. Namuigiza mteja wake mnene anayetaka kupimwa huku amevuta tumbo ndani. Namuigiza muadhini mwenye mafua. Mama anacheka mpaka anafuta macho kwa ncha ya mtandio, anasema, "Wewe mtoto utaniua." Nilipenda sana kuambiwa hivyo.

Lakini usiku nilikuwa najifunga masikio. Nilichukua mpira wa sketi kutoka kwenye kikapu chake cha ushonaji, nikauzungusha kichwani, nikalala nao ili masikio yazoee kukaa nyuma. Hayakuzoea. Asubuhi moja aliniwahi kabla sijauvua, akaona alama ulizochimba kwenye ngozi. Nikajaribu kusema ni kofia mpya ya Kikongo. Hiyo hakuicheka. Alikaa kitandani akanivua mwenyewe, polepole.

Ndiyo akamuuliza Sista mmoja muuguzi, mteja wake wa kushonewa magauni. Sista akasema iko daktari mgeni, amekuja kwa muda mfupi kurekebisha midomo iliyopasuka na makovu ya moto, na masikio pia anayaweza. Mama hakukubali hapohapo. Alinipeleka kwanza kwa mwalimu wa madrasa, aliogopa isiwe kukosoa kazi ya Mungu. Mwalimu aliniangalia upande huu, akaniangalia upande ule, akavuta ndevu. "Hili si pambo," alisema. "Hili ni tiba." Mpaka leo sijajua kama nilifurahi au nilitukanwa.

Siku ya kupimwa Sista aliuliza maswali mengi kuliko mtihani. Nina pumu? Nikijikata damu inakawia kukauka? Kuna mtu wa ukoo aliyewahi kupata shida na dawa ya usingizi? Nakunywa dawa gani? Mama akakumbuka kwamba hunipa aspirini kichwa kikiuma, na Sista akapiga makofi ya mshangao: "Oya, mama! Hiyo inafanya damu iwe nyepesi. Muache kabisa, na miti-shamba yote muache." Tukaambiwa nije na shati la vifungo, si la kuvuta kichwani. Nioshe nywele vizuri usiku wa kuamkia, maana baada ya hapo maji na kichwa changu vitaachana kwa siku nyingi. Na kwa kuwa daktari ameniona nikihangaika kitini, hatanichoma ganzi tu, atanilaza usingizi kabisa.

"Kwa hiyo asikure kitu," Sista alimwambia mama. Wengi wetu hapa Kigali tunachanganya herufi hizo, tunaelewana. "Asikure, asinywe."

"Hata mate?" nikauliza.

"Mate kunywa."

"Na nikiota nakula?"

Mama akanifinya paja huku anacheka. Sista alikuwa ameanza kueleza sababu, na mimi sikuisikia kwa sababu nilikuwa nasikiliza kicheko.

Basi ile asubuhi tulishuka kwa miguu hadi hospitali, mimi ndani ya shati la baba, chapati zangu tumboni zimekaa kimya kama wezi. Wodini nikavalishwa joho lililo wazi nyuma. Daktari akanichora mistari kwa kalamu nyuma ya masikio. Sista akaja.

"Umekura?"

"Ndiyo, Sista. Ng'ombe mzima na pembe zake. Mkia ulinishinda nikamwachia bibi."

Wodi nzima ikacheka. Mama akacheka kuliko wote, na nikaona mabega yake yakishuka, maana tangu tutoke nyumbani yalikuwa juu karibu na masikio. Nikajiona nimefanya kazi nzuri.

Kitanda cha jirani kilikuwa cha mtoto mdogo aliyetoka kukatwa, shingo imefungwa bendeji. Bado alikuwa na usingizi wa dawa. Ghafla akakoroma kwa namna ya ajabu, mwili ukajikunja, Sista akaruka akamgeuza ubavu. Yakatoka maji, basi. Sista akamfuta mdomo, akamwambia mama wa yule mtoto, taratibu, kama anayemtuliza:

"Usiogope. Ni maji tu. Dawa inalaza mpaka koo, haliwezi kujilinda. Angekuwa amekura, chakula kingepanda, kingeingia kwenye mapafu, hapo tungeweza kumpoteza."

Nilisikia kila neno. Antena zilikamata.

Nikaanza kuhisi chapati. Sijui kama mtu anaweza kuhisi maharagwe mojamoja, lakini mimi niliyahisi. Nikamvuta mama mtandio.

"Mama. Nimekula."

"Nimesikia. Na pembe."

"Si ng'ombe. Chapati. Mbili, na maharagwe."

"Umesahau mkia," mama akasema, akacheka tena.

"Mama, sikutanii!"

"Hata juzi uliponiambia baba amefika yuko bafuni ulisema hutanii. Nikapasha chakula." Alinishika shavu. "Unaogopa. Usiogope, baba yangu. Utalala kidogo tu."

Watu wawili wakaja na kitanda chenye magurudumu, wakanihamishia. Nikamwambia mmoja nimekula, akamtazama Sista. Sista akatikisa kichwa akicheka: "Huyo mwongo sana, muzee. Saa hii amekura ng'ombe." Wakaanza kunisukuma. Mama alikuwa anatembea pembeni, mkono wake juu ya mguu wangu, bado uso una kicheko. Mlango wenyewe ulikuwa wa kijani, wa kufunguka pande zote mbili, na nyuma yake alisimama mtu wa dawa ya usingizi, kofia ya kitambaa kichwani, akinisubiri.

Nilitafuta sauti ya mtu anayesema kweli, nikagundua sina. Kila sauti niliyokuwa nayo nilishaitumia kuchekesha. Hata kulia nilishalia kwa uongo mbele ya mama, mara nyingi, kwa ufundi.

Kitu kimoja tu sikuwahi kukichezea. Kwetu ukiwa mtoto unaweza kuigiza muadhini, ukapigwa kofi likaisha. Lakini kuapa kwa jina la Mungu kwa uongo, tena ndani ya mwezi wa Ramadhani, hata sisi wahuni tunaogopa. Mama hajawahi kunisikia nikiapa.

"Wallahi, mama," nikasema. "Wallahi nimekula daku."

Mkono wake uliganda juu ya mguu wangu. Kisha akashika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili, akavuta nyuma kwa nguvu mpaka yule mtu wa mbele akayumba.

"Simamisheni!"

"Mama, kijana anaogopa tu," Sista akasema.

"Huyu ni mwongo, Sista, nimemzaa mwenyewe namjua. Lakini hilo neno hajawahi kulisema. Simamisheni!"

Mtu wa usingizi akatoka mlangoni. Hakucheka, wala hakukasirika. Akaniinamia akaniuliza nimekula nini na saa ngapi, nikamjibu kama mbele ya hakimu. Akanyooka. "Leo haiwezekani," alisema. Akageuka kumwambia Sista amlete mwingine.

Nilirudishwa wodini nikiwa ndani ya lile joho la aibu, masikio yangu yamechorwa mistari kama kitambaa kinachongoja mkasi. Sista alimwomba daktari, naye akanipa nafasi ya kesho yake, ya mwisho kabla hajaondoka, kwa sharti nilale palepale hospitali. Mama alikaa kwenye kiti kando ya mdomo wangu kama askari. Hakunigombeza. Nilisubiri anigombeze, hakunigombeza. Adhana ya magharibi ilipolia alifuturu kwa maji na tende huko nje, ili nisimwone akila.

Kesho yake nikakatwa. Hilo lilikwenda salama, na sina cha kusimulia kwa kuwa sikuwepo. Niliamka kichwa kimefungwa bendeji kama kilemba cha sultani maskini, kinywa kikavu, na kitu cha kwanza nilichokiona ni mama akinitazama kifua kuona kama napumua.

Nyumbani nililala chali, mito miwili chini ya kichwa, nisije nikageuka nikalalia sikio. Nilikatazwa mpira, nikakatazwa kujikuna, nikakatazwa kuinama. Hata sala nilisali nimekaa, bila kusujudu, maana damu ikishuka kichwani inaweza kufumua kazi ya daktari. Sista alimwambia mama: maumivu ya pande zote mbili yakipungua siku hadi siku, hakuna shida. Lakini upande mmoja ukizidi kuuma kuliko mwenzake, au ukitoa harufu, au mwili ukipata homa, msingoje.

Ukazidi kuuma. Jioni, siku ya pili nyumbani, sikio la kushoto likaanza kupigapiga kama kuna mtu anabisha hodi ndani. Nilikaa nalo kwanza. Niliwaza, nikisema, nani ataniamini? Bibi alikuwa anakaanga sambusa, na barabarani watu walikuwa wanakimbilia kufika nyumbani kabla wanajeshi hawajaanza kuzuia njia.

"Mama," nikasema hatimaye. "La kushoto linauma peke yake."

Hakuuliza mara ya pili. Aliacha gauni la mtu kwenye cherehani, sindano bado imo ndani ya kitambaa, akavaa viatu. Hata sikuapa.

Sista alifungua bendeji. Damu ilikuwa imeganda chini ya ngozi, imevimba. Akasema ni vizuri tumekuja mapema, ingekaa zaidi ingeharibu sikio lenyewe. Akaitoa. Iliuma mpaka nikauma shati la baba. Mama alisimama mbele yangu ananishika magoti, uso umekunjwa kuliko nilivyowahi kuuona, nami sikuweza kuuvumilia uso ule. Nikafanya ninachojua kufanya.

"Sista," nikasema, "huo mchuzi usiumwage, bibi ana sambusa."

Sista akacheka. Mama hakucheka. Aliondoa mikono yake magotini mwangu.

Tulipanda mlima kurudi kwetu, yeye mbele mimi nyuma, akaonyesha kitambulisho wanajeshi walipotusimamisha. Tulipofika aliniwekea mito, akanilaza chali, akanifunika. Nikadhani anaondoka. Akakaa ukingoni mwa kitanda, mgongo wake kwangu, akasema:

"Pale mlangoni nilikuwa nakusindikiza huku nacheka. Ungekufa, na mimi nacheka. Usinichekeshe tena mpaka mimi mwenyewe nikuombe."