Sangala wa Mto Umgeni

Ladislas alikasirika kabla chambo hakijalowa. Alisimama kwenye mchanga, pale mto Umgeni unapoingia baharini, akamtazama rafiki yake Uthmaan akishusha vitu garini: fimbo ya kuvulia nyembamba isiyofaa hata kufukuzia kuku, na mshipi mwembamba ambao bila jua huuoni. Ndoana yenyewe ungeweza kuimeza na chai usijue.

"Hii ni ya nini?"

"Ya perch, my bru. Vifaa vyepesi, samaki mkali. Ndiyo raha yake."

"Utavuta sangala na uzi wa kushonea nguo?"

Uthmaan alicheka. Alicheka zaidi alipoona alichobeba mwenzake: mshipi mnene uliozungushwa kwenye kipande cha ubao, na ndoana nene kama kidole. "Na wewe unavua nini, meli?"

Ladislas hakucheka, na alikuwa na sababu.

Wawili hawa walikutanishwa na Kiswahili. Ladislas alilinda magari ya watu mbele ya maduka ya Overport. Uthmaan alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari kwenye gereji ya nyuma. Alizaliwa papa hapa Durban, katika ukoo uliotoka pwani ya Afrika Mashariki zamani za mababu, na Kiswahili chake kilikuwa cha bibi yake: salamu, majina ya vyakula, na matusi mawili. Alikipenda kuliko alivyokijua, na kukubali kwamba hajui neno kulimuuma.

Basi Ijumaa alipomwalika mwenzake wakavue perch, naye Ladislas akauliza perch ni samaki gani, Uthmaan hakusema sijui. Alikimbia kwa fundi cherehani mmoja Mtanzania, akarudi kifua mbele. "Perch ni sangara!"

Moyo wa Ladislas uliruka. Kwao Uvira humwita sangala, samaki wa Ziwa Tanganyika, anayebebwa begani mkia ukigonga visigino. Kichwa chake peke yake hushibisha nyumba.

Na nyumbani kwa Ladislas kulikuwa na mtu asiyekula. Mkewe, Spès, alikuwa na mimba ya miezi sita, na kila alichomeza kilirudi. Pap, ugali wa huku, aliugeuzia uso, kuku wa barafu alimtapisha. Muuguzi wa kliniki alikuwa amempapasa tumbo na kusema mtoto hakui. Akamfokea Ladislas kana kwamba ndiye aliyekuwa akimficha chakula. Lakini jioni ile ya Ijumaa, aliposikia neno sangala, Spès aliinuka kitandani mwenyewe. "Uniletee kichwa," alisema. Tangu waikimbie Uvira na kufika mji huu, hicho kilikuwa chakula cha kwanza alichokiomba kwa kinywa chake.

Kwa hiyo Ladislas hakuja mtoni kustarehe, hata kama jua la Mei lilikuwa pole na watu wengine walikuja na viti vyao na vinywaji. Alikuja kuchukua kichwa.

Fimbo ya Uthmaan ilipinda. Alikokota, akanyanyua kisamaki cha rangi ya fedha, upana wa kiganja. "Perch!"

"Hicho chambo," Ladislas alisema. "Kitie kwenye ndoana yangu, tupate sangala."

"Si ndiye huyu? Wa leo mzuri kabisa."

"Huyu?"

"Huyu. Perch. Sangara."

Damu ilimpanda Ladislas mpaka masikioni. Alimtazama yule samaki, akamtazama mwenye kiherehere cha maneno asiyoyajua, akahisi hamu ya kumzaba kofi. Alijiona mjinga mbele ya mto mzima. Mto wenyewe unaitwa Umgeni, na mgeni ni yeye, wa kudanganywa na kila mtu! Aliutupa mshipi wake mnene majini kwa hasira, ukazama na jiwe lake, hakuna kilichougusa.

Uthmaan alimtia yule samaki ndooni, akaona uso wa mwenzake, akampa fimbo ili kumpoza. "Jaribu wewe, bra. Usivute kwa nguvu. Mwache achoke."

Ladislas aliipokea kwa kinyongo. Punde kitu kikauma, mshipi ukalia, fimbo ikapinda. Alitaka kunyakua kwa mikono miwili kama wanaume wa kwao. Uthmaan akampigia kelele, "Polepole! Utaukata!" Akavuta, akaachia, akavuta tena, jasho likimtoka na matusi pia, mpaka samaki akalala ubavu kwenye maji ya kina kifupi. Hakuwa sangala. Lakini alikuwa mrefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, tumbo limejaa, na kichwa kinene. Kichwa hiki kingefaa. Ukitia nyanya na ndimu, ukafumba macho kidogo, kingefaa. Kwa mara ya kwanza siku ile Ladislas alitabasamu.

Uthmaan alilowesha mikono, akamtoa ndoana, akampapasa tumbo. Mayai yakachungulia. Akamshusha majini, akafungua vidole. Samaki akaondoka.

"Huyo ana mayai," alisema. "Wakija hapa kutaga tunawaachia."

Ladislas alimsukuma kwa mikono yote miwili, Uthmaan akakaa chini ndani ya mto, maji yakamfika kifuani.

"Na mke wangu hana mimba?" Ladislas alipiga kelele, wenye viti wakageuka. "Yeye nani alimurudisha ku maji yake? Nani alifungua vidole? Ule kichwa ilikuwa yake! Tangu juzi anangoja sangala, sababu ya neno yako!"

Uthmaan hakuinuka upesi. "Hukuniambia ana mimba," alisema.

"Ningekuambia nini? Wewe ulisema sangala!"

"Nilisema," alikubali. "Eish. Twende. Nitamwambia mwenyewe."

Wakamtoa yule samaki mdogo ndooni, wakamtia kwenye kifuko cha plastiki, wakapanda gari.

Chumba cha Ladislas na mkewe kilinukia vitunguu tangu ngazini. Spès alikuwa amesimama mbele ya jiko, amefunga kitambaa kipya kichwani. Juu ya moto palikuwa na sufuria kubwa kuliko zote za jengo lile, ile ya Colette wa chini ambayo wenzao huazima kwenye misiba. Uthmaan aliiona sufuria ile, akakificha kifuko cha plastiki mgongoni.

"Shemeji," alisema, maji bado yakimchuruzika. "Neno nilikosea mimi. Perch wetu si sangala wenu. Tumepata huyu tu. Mwingine mkubwa nilimwachia mimi, alikuwa na mayai."

Spès alikichukua kifuko, akafungua. Akamtumbukiza samaki sufuriani, na wote watatu wakamtazama alivyopotea chini.

"Ule wa mayai," aliuliza, "mulimurudisha kwabo?"

"Ndiyo, shemeji."

"Afazali yeye," Spès alisema, akazima jiko.