Filamu ya Kwanza katika Orodha ya Kaka Yangu

Mwezi wa sita mwaka 1981 nilimpoteza kaka yangu mkubwa. Alikuwa mwashi. Tuliishi pamoja Cimpunda, mtaa wa mlimani, na ugonjwa wa mapafu ulimchukua kwa majuma matatu. Aliacha mke, mwiko wa kazi, na daftari lenye orodha ya filamu saba.

Zote zilikuwa za mtengenezaji mmoja wa vichekesho, Mzungu ambaye jina lake hatukuweza kulitamka. Tulimwita yule wa kofia, maana katika kila filamu yake kofia ya mtu mkubwa huanguka majini. Watu wa mtaa walipenda filamu za ngumi. Tuliompenda huyu tulikuwa wanne tu: kaka, mimi, fundi cherehani jirani yetu, na katekista aliyesimama kando ya kitambaa cha filamu katika ukumbi wa parokia akitufasiria Kifaransa.

Kila ilipokuja mpya tulibishana, kisha kaka akapanga orodha. Sheria ilikuwa moja: filamu ambayo haikuonwa hadi mwisho haipewi nafasi. Ile ya mbuzi wa jenerali ilikaa juu miaka miwili. Fundi aliitetea ile ya wapishi. Mimi niliona ni nzuri mpaka katikati, halafu watu wanakimbiakimbia bure.

Ile ya mpiga tarumbeta ilionyeshwa mara moja tu, katika shule moja huko Ibanda. Katekista alikuwa na ibada, fundi alikuwa na nguo za watu, na kaka alikuwa na malaria.

"Enda weye," kaka akaniambia. "Lakini usirudie nyumbani bila mwisho. Macho yako ndiyo yangu."

Filamu ilipofika katikati, mvua ikapiga mabati. Nikafikiria nyumba yetu kwenye mteremko, udongo unavyoshuka, na kaka kitandani hana nguvu ya kutoka. Nikaondoka, nikapanda mlima nikikimbia. Nyumba ilikuwa salama. Aliponiuliza mwisho, niliogopa atakasirika kwamba nimeacha filamu kwa ajili yake. Nikabuni: mpiga tarumbeta anafika kwenye harusi, anapuliza, na samaki anaruka kutoka ndani ya tarumbeta hadi kifuani kwa meya. Kaka alicheka mpaka akashika mbavu. Akaiandika ya kwanza.

"Filamu ya kusimuliwa!" fundi alilalamika, na hakuacha kulalamika miaka yote.

Siku ya kumaliza kilio, kila aliyemjua marehemu husimama na kusema neno. Fundi alisimama na lile daftari mkononi.

"Nilimubishia huyu mutu miaka mingi," akasema. "Leo namuachia. Ya kwanza iko ya tarumbeta."

Watu wakapiga makofi. Sikuweza kukaa na jambo hilo. Nikasimama nikasema yote: mvua, mteremko, samaki.

Fundi alinitazama, akaniita mwananchi kwa Kifaransa, kama serikali ilivyotaka tuitane. "Citoyen! Miaka yote hii unaniangusha na samaki?"

Watu wakacheka. Shemeji, mjane wa kaka, hakucheka.

"Sheria iko sheria," katekista akasema polepole. "Ifutwe."

"Papa katekista, hapana," shemeji akasema. "Hiyo ni mukono yake. Asifute mutu." Akanigeukia. "Alijua ulirudia juu yake?"

"Hapana, maman. Sikumuambia kama niliacha filamu kwa ajili yake."

Shemeji akachukua daftari kwa fundi, akanipa pamoja na kalamu. "Andika ile umesema. Pale chini."

Niliandika kwamba filamu ya kwanza sikuiona hadi mwisho, na kwamba mwisho alioupenda kaka niliubuni mimi. Fundi alisoma akiwa nyuma ya bega langu, akaniomba basi nipandishe ile ya wapishi.

Nikakataa.