Radi Chini ya Turubai

Jamani, kwetu Murusagamba wapo wanaoisimulia habari hii vibaya, wanasema nilimkumbatia mama mkwe, kwa hiyo leo naisema mwenyewe ingawa masikio yananiwaka kwa aibu: sikumkumbatia, nilimshika mkono tu, ila nilimshika mbele ya ukoo wake mzima, siku ya posa, na sikumwachia.

Tulikwenda Bisibo kumposa Esta, mimi, baba mkubwa ambaye ndiye msemaji wetu, na rafiki yangu Jovin, kwa Landrova kuukuu aliyoiacha marehemu baba, ile ya milango ya kubamiza (mafundi wa Ngara mjini huniambia niiuze chuma chakavu, nami huwa naacha kuwasalimia kwa wiki nzima). Kwenye lami ilikwenda vizuri, malori yanayotoka Rusumo yakitupita na kutupigia honi, sijui za heshima au za kicheko, lakini tulipoingia barabara ya vumbi ikawa nyekundu yote. Basi karibu na kwao Esta kuna bomba la maji, nikasimama nikaiosha, na ilipong'aa nikaona nifungue boneti nioshe na injini, maana wajomba wa Esta ni wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga, watu wa kukagua kitu mpaka meno.

"Deo, injini haiogeshwi," alisema baba mkubwa.

"Itakauka sasa hivi, baba," nikajibu, nikamwaga ndoo nzima.

Iliwaka kwa kukohoa. Tukaingia uani ikirukaruka kama inakanyaga miiba, akina mama wakapiga vigelegele, na katikati ya vigelegele ekzosi ikalipuka, paa! Mbuzi wakakata kamba, mjomba mkubwa wa Esta, mzee Masanja, akashuka kwenye kiti chake na kulala chini, halafu injini ikazima, mbele ya mlango wa nyumba hasa.

Mzee Masanja alijikung'uta vumbi taratibu.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Sasa hiki kimekufa?"

"Hapana mzee, kimepumzika."

"Kitu hakifi mlangoni kwa binti siku ya posa," akasema, na wenzake wakatikisa vichwa. "Na msikisukume. Kikiamka chenyewe, tutazungumza. Kisipoamka, mtarudi kwenu mkatafute siku nyingine."

Nilimwona Esta dirishani akiwa ameziba mdomo kwa khanga, sikujua analia au anacheka.

Nikavua koti. Betri nzima, stata inazungusha vizuri, petroli inafika. Nikafungua plagi nikazifuta, nikazirudisha, wapi. Nikakumbuka maneno ya marehemu baba, kwamba umeme wa plagi ukivuja unauona gizani, lakini giza nitalitoa wapi na jua la mchana lile? Nikachukua turubai la mizigo nikaifunika boneti iliyo wazi, nikaingia chini yake mpaka kiunoni, kwa hiyo ukoo wa Esta ukabaki unatazama sehemu yangu ya nyuma tu, ndani ya suruali ya kuazima inayobana.

"Jovin, piga stata!"

Akapiga. Na hapo, jamani, nikasahau kwamba nina wakwe. Juu ya kifuniko cha distributa, kile kinachogawa umeme kwenda kwenye plagi, palikuwa na moto wa buluu, mwembamba kama uzi, unatambaa juu ya matone ya maji, unagawanyika matawi, unazimika, unazaliwa tena, tik, tik, tik, radi kamili yenye mizizi yake, ndogo ya kutosha kwenye kiganja. Nikanyoosha kidole (msiniulize kwa nini) na ikanipiga shoti mpaka kwenye meno, nikapiga ukelele.

Mara turubai likafunuka na mtu akaingia kwa kasi, akanishika bega akinivuta. Nikajua ni Jovin. Nikaukamata mkono wake nikamwambia, "Tulia! Usinivute, tazama pale, tazama!"

Mtu akatulia. Stata ilikuwa bado inazunguka. Tukatazama pamoja, hatupumui, mwanga ule ukicheza kwenye macho yetu. Kisha nikasikia sauti ya mwanamke, ndogo kabisa:

"Mayoo! Ni radi?"

Kama stata ilikuwa inazunguka, basi Jovin alikuwa ndani ya gari. Kwa Wasukuma, kama kwetu Wahangaza, mama mkwe unamsalimia kwa mbali huku umeinamisha macho, na mimi nilikuwa naye gizani, bega kwa bega, nimemkamata mkono. Nikarudi nyuma kwa hofu, turubai likatuangukia, na tulipochomoka ukoo wote ulikuwa umesimama. Mkono wake bado ulikuwa ndani ya wangu. Vidole vilikuwa vimekataa kufunguka.

"Nilidhani anakufa," mama akasema.

"Na huko ndani mlikuwa mnafanya nini?" mzee Masanja akauliza.

"Kaka, kuna radi mle. Radi nzima, ndogo. Nenda ukaone."

Mzee akanitazama, akatazama gari, akavua kofia, akaingia. Alipotoka alikuwa ameishika kofia kifuani kama mtu aliyetoka kanisani, akaketi. Baada yake wakapanga foleni, wajomba, mashangazi, hata baba mkubwa, mmoja mmoja chini ya turubai, Jovin akipiga stata, mpaka betri ikaisha.

Nikakianika kile kifuniko juani, nikakifuta, nikakirudisha. Na wale waliokataza gari lisisukumwe ndio waliokunja mikono ya kanzu na makoti wakalisukuma, mzee Masanja akiwa mbele anaamrisha, likawaka kwa ngurumo, na posa ikazungumzwa jioni ile ile.

Nimeapa sitashika mkono wa mtu yeyote gizani kabla sijasikia sauti yake. Mama mkwe naye amerudi kwenye umbali wake, mwaka wa ngapi sasa hatujakaa chumba kimoja. Ila nikienda Bisibo, hupita nyuma ya nyumba akiwa amegeuza uso kama mila inavyotaka, na bila kunitazama huuliza, taratibu, "Bado imo?"

Nami hujibu nikitazama chini, "Bado imo, mama."