Samli kwenye Ngozi ya Kiebrania

Jambo lote liligharimu vijiko viwili vya samli na mistari sita ya maandishi. Nimehesabu mara mbili. Samli ilikuwa ya mama. Maandishi yalikuwa ya Wayahudi waliokufa karne nyingi zilizopita. Kiangazi kile nilikuwa na miaka tisa, na ua wetu mtaani Ngokolo ulinuka ngozi mbichi, chumvi na jua. Majirani walilalamikia harufu, kisha wakaja kuomba chumvi ileile. Baba alikuwa mnunuzi wa ngozi. Padri mmoja mzee wa misheni ya Didia alipofungasha kurudi kwao Ulaya, Baba alinunua kitabu chake kikuukuu kwa sababu ya jalada tu. Jalada lilipobanduka, ndani tukakuta ngozi nyingine, nyembamba, yenye herufi nyeusi za mraba. Mwalimu jirani yetu akasema ni Kiebrania, akapiga simu chuoni Dar es Salaam. Tukaambiwa mtafiti anakuja.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Niliona aibu mtu asafiri kutoka Dar kuja kutazama ngozi iliyokakamaa. Kwetu ngozi ikikakamaa hupakwa samli na kusuguliwa. Hilo nililijua kabla ya kujua kuzidisha. Nikapaka, nikasugua kwa kitambaa. Ngozi ikalainika kama sikio la ndama. Kitambaa kikawa cheusi.

Mtafiti, mama mpole mwenye miwani mikubwa, aliiinua kwenye mwanga, akanusa vidole vyake. Akatueleza kwamba zamani watengeneza vitabu wa Ulaya walikata kurasa za vitabu vya sala vya Wayahudi kuimarishia majalada, hivyo kila kipande kinachopatikana ni ukurasa uliookoka. Kisha akauliza:

“Nani ameipaka mafuta?”

Nikatazama vidole vya miguu yangu.

“Mimi,” Baba akasema.

“Jamani, mzee! Si ungeiacha tu?”

“Ngozi haiachwi tu, mayu, mama yangu. Hata wewe ya kwako unaipaka.”

Yule mama akacheka huku machozi yakimlenga. Baba akapitisha kidole gumba juu ya kipande, akamweleza: upande huu ulikuwa wa nyama, haunywi wino vizuri, ndiyo maana umeachia, ule wa manyoya umeshika. Mgeni akaandika yote, akaondoka na kipande. Baba hakunigombeza. Alisema tu, “Siku nyingine uliza.”

Siku hizi nanunua dhahabu Geita, na mtu akinipa jiwe naligeuza pande zote kabla ya kutaja bei. Juzi nimekuta makala ya yule mama kwenye simu. Maelezo ya manyoya na nyama yamo, bila jina la mtu. Jina la Baba liko chini: mwenye mali aliyefuta mistari sita kwa kutojua ngozi. Baba, aliyetambua umri wa ng'ombe kwa kupapasa ngozi yake! Yu hai, mzee sasa, wala hana habari. Nikiandika ukweli, nitamsafisha ujinga na kumvika uongo aliousema kwa ajili yangu. Nikinyamaza, mjuzi wa ngozi atabaki mjinga wa ngozi kwa kila atakayesoma. Maisha yangu ni kupima, na hili limenishinda. Wewe ungekuwa mwanawe, ungefanyaje? Nishauri, angali hai.