Takataka za Mama Ouma

Asubuhi niliyotoka Londiani sikuwa na mpango wowote, na hilo si jambo geni kwa anayenijua. Nilikuwa nikipakia viazi, viazi vikaisha. Nikaona lori la mwisho lina nafasi juu ya magunia, nikamuuliza dereva anaelekea wapi. Akasema Kaplong. Nikamwambia hata mimi naenda huko huko. Ndivyo nilivyoishi tangu nilipoacha shule darasa la saba: wenzangu hupanga safari, mimi huuliza magari yanaenda wapi.

Tulipita Kericho jua limeshatoka, chai imetanda pande zote mbili, imekatwa sawasawa kama kichwa cha mtoto anayepelekwa shule mara ya kwanza. Nikalala. Niliamshwa Kaplong na dereva akigonga ubavu wa lori kwa kiganja. Nikanunua ndizi, nikaanza kutafuta chumba cha kupanga katika mtaa ulio nyuma ya soko, na nilipomaliza kula nikainua mkono kutupa ganda kwenye mtaro, kama raia mwema.

"Mzee! Aki mzee, usitupe hapo!"

Alikuwa msichana mwenye gumbuti nyekundu za mpira na fulana yenye picha ya jani, anasukuma mkokoteni uliojaa ndoo.

"Hiyo ni ogani," akasema. "Weka kwa ndoo ya kijani."

"Ogani ndiyo nini?" nikauliza.

Akanitazama kwa huruma. "Ni vitu zinaoza. Maganda, mboga, chakula imebaki. Tunatengeneza mboji. Ni teknolojia mpya, mzee. Watu wa zamani mlikuwa mnatupa tu."

Nikabaki nimeshika ganda langu mkononi. Mpya! Ninyi wa rika langu mliolelewa kwenye laini za mashamba ya chai, hebu tukae kidogo nikumbushe teknolojia tuliyokuwa nayo bila kujua jina lake.

Wakati huo wetu, nyumba za wafanyakazi zilipangwa safu safu juu ya kilima, zimepakwa chokaa, zote sura moja, hata mlevi aliyebisha kwa jirani aliweza kukaribishwa ugali na kuumaliza kabla hajagundua kwamba wale si watoto wake. Chumba kimoja na jiko. Moshi wa kuni za mkaratusi uliingia kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye maziwa, na mpaka leo nikiusikia mahali popote tumbo langu hunguruma. Alfajiri honi ya kiwanda ililia, wakubwa wakashuka na vikapu mgongoni wakamezwa na ukungu. Tukabaki sisi na mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba ya mgomba. Tulicheza mpaka mvua ya saa nane mchana. Mvua ya Kericho haikukosa kazini, na haikuwahi kuomba ruhusa ya kwenda matanga.

Tuliishi katikati ya chai tukinywa vumbi lake. Majani mazuri yalisafiri kwenda kwa watu wasiojua matope. Sisi tulipata ile ya unga, ikachemshwa na kuchemshwa mpaka ikatoa rangi yote iliyokuwa nayo, na hata hapo mama hakumwaga machicha. Yalikwenda shimoni.

Shimo la mama lilikuwa nyuma ya jiko. Humo ziliingia taka zote za jikoni: maganda ya viazi, vijiti vya sukuma wiki, vichwa vya dagaa wa omena, majivu, maganda ya mayai siku tulizobahatika kuyaona mayai. Kubeba kopo la maganda ilikuwa kazi yangu kabla ya kwenda shule, na nilipoacha shule ikawa kazi yangu baada ya kutokwenda. Nikikunja pua mama alisema, "Ardhi haichagui chakula. Anayechagua ni wewe."

Jirani yetu wa ukuta mmoja, Mama Chebet, mtu wa pande za Bomet, alileta maganda yake kwetu na kurudi na mboga. Mama yangu alitoka ziwani. Walipatana kwa kila jambo isipokuwa mboga moja iliyoota pale shimoni, ile chungu ambayo mama aliiita dek na Mama Chebet akaiita isagek. Ilikuwa mboga ile ile. Lakini kila mmoja aliapa kwamba ya mwenzake haipikiki bila maziwa mengi, kisha wakaipika kwa maziwa yale yale.

Shimo lile lilikuwa gazeti la laini nzima. Mwisho wa mwezi lilikuwa na mifupa. Katikati ya mwezi lilikuwa na majivu na aibu. Mama Chebet alikuwa akiinama pale na kopo lake kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji mtu kumwaga maganda.

"Mama Ouma, naona manyoya. Mgeni amekuja ama kuna mtu anaoa?"

"Wewe umekuja kumwaga ama kunichunguza?"

"Mimi nasoma tu. Si umeacha gazeti wazi?"

Adui wa shimo alikuwa Bwana Afya, mkaguzi wa usafi wa kampuni. Mnawakumbuka watu wale: kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, soksi mpaka magotini, fimbo ya kuonyeshea uchafu ili asiuguse. Alikuja kukagua laini, na sisi watoto tulisimama wima mbele ya milango kama wezi waliokamatwa.

"Mama Ouma, hii ni nini?"

"Ni shimo, Bwana Afya."

"Hii ni takataka. Inaleta inzi. Nikirudi nataka iwe imeondoka."

"Itaondoka, Bwana Afya."

Mama alilifunika shimo kwa udongo, akapanda malenge juu, akachimba lingine hatua mbili kando. Bwana Afya aliporudi alikuta majani mapana kama miavuli na malenge ya ukubwa wa kichwa cha ng'ombe. Akayagonga kwa fimbo, kwa adabu kidogo.

"Hii malenge inakula nini?"

"Mvua tu, Bwana Afya."

Kisha akaliona shimo la pili, akasema takataka hii iondoke, mama akasema itaondoka, naye akaenda zake na malenge kwapani. Ikawa desturi yao, kama watu wanaoitikiana kanisani. Yeye aliamuru, mama aliitikia, na kila mara kulikuwa na sadaka.

Basi baba akastaafu. Mnaijua sheria ya laini: kazi ikiisha, nyumba imeisha. Kampuni ilitoa lori, safari moja, kutupeleka kwetu ziwani, mahali ambapo baba alikuwa na kipande cha ardhi yenye mawe mengi kuliko udongo, na mimi nilikuwa nimekiona kwenye mazishi tu.

Mama alianza kuchimba kabla hatujafunga kitanda. Alifukua mashimo yake yote, ya zamani na mapya, akajaza udongo ule mweusi kwenye magunia. Ulikuwa mwepesi, unanukia kama msitu baada ya mvua. Lori lilipokuja ikaonekana wazi kwamba halitachukua magunia pamoja na kabati ya vyombo, ile ya vioo ambayo baba alijivunia mbele ya wageni kuliko alivyojivunia mimi.

"Mama Ouma," baba akasema polepole, "kwani kwetu hakuna udongo?"

"Kwenu kuna mawe. Nimeyaona."

"Watu watatucheka."

"Nyumba si yangu," mama akasema. "Jiko si langu, hata kuni si zangu. Hii nimepika mwenyewe, siiachi."

Kabati ikabaki kwa Mama Chebet, ambaye alilia kwa uchungu wa kutuaga huku akipima mlango wake kwa macho. Na baba alikuwa amesema kweli, watu walicheka. Laini nzima ilitoka. "Wanahamisha shamba!" mmoja akapiga kelele. "Iachieni kampuni hata kilima!"

Tulifika geti kuu la kampuni. Hapo magari yote yalipekuliwa, maana kulikuwa na watu waliotoka na mbolea ya kampuni chini ya magodoro. Askari alipanda, akadunga gunia kwa chuma chake, akatazama ncha.

"Hii ni udongo ya kampuni," akasema. "Shukisha."

Mama akapanda nyuma ya lori akayakalia magunia.

"Mama, shuka. Hakuna mtu anatoka na udongo hapa."

"Udongo ni yenu, sawa," mama akasema. "Lakini maganda ni yangu. Tenganisha, chukua yako, uniachie yangu."

Baba aliangalia viatu vyake. "Wacha tu, mama. Ni udongo tu."

"Kama ni udongo tu, mbona huyu anautaka?"

Dereva akazima injini, na hilo lilinitisha kuliko maneno. Nilijua mama hatashuka, na nilijua lori la kampuni haliwezi kutusubiri mpaka amalize kukataa. Askari alikuwa tayari ameshika gunia la kwanza kwa masikio. Ndipo Bwana Afya akatokea na baiskeli yake, akielekea ofisini.

"Bwana Afya, kuja utuamulie," askari akaita. "Huyu mama ameiba udongo ya kampuni. Hii si udongo?"

Mama hakumpa nafasi ya kujibu. Akamwambia kwa sauti ile ile ya siku zote, ya upole na utiifu, "Bwana Afya, umeniambia miaka yote hii niondoe takataka nyuma ya jiko. Leo naiondoa."

Bwana Afya akaegesha baiskeli. Akalifungua gunia, akachota udongo kidogo kwa mkono, yeye ambaye hakuwahi kugusa kitu bila fimbo. Akaunusa. Nadhani alikuwa anafikiria malenge. Kisha akajipangusa, akanyoosha soksi, akatoa sauti ya ofisini.

"Hii ni takataka," akasema. "Tena chafu sana. Nimeandikia huyu mama onyo mara nyingi. Fungua geti haraka kabla inzi hazijajaa hapa."

Geti likafunguliwa. Hakuna aliyecheka mpaka tulipopita kona. Wa kwanza kucheka alikuwa baba, na alicheka mpaka dereva akamwomba ashike mlango vizuri.

Kule ziwani mama alimwaga magunia yale nyuma ya nyumba, juu ya mawe, akayazungushia miiba. Mvua ya kwanza ikatoa malenge, kama ilivyotarajiwa. Ikatoa nyanya ambazo hatukupanda. Halafu, katikati, ikatoa zile mboga chungu zilizotokana na maganda ya jirani. Mama aliinama akazitazama kwa muda. "Huyu Mama Chebet," akasema, "amefika kabla sijamwalika." Na tangu siku hiyo, mimi ni shahidi, aliziita isagek.

Alikaa pale mpaka mwisho wake. Mimi sikukaa. Leo ndugu yangu amemwaga saruji mahali pale ili pikipiki yake isikanyage matope.

Hayo yote nilimweleza msichana wa gumbuti nyekundu, pale pale barabarani, na nashukuru kwamba alisikiliza huku akiangalia simu mara chache tu. Akanieleza na yake. Kila mpangaji ana ndoo yenye mfuniko, taka zinaanza kuiva humo kwa miezi. Vijana wanapita na mkokoteni, wanazikusanya taka, wanazipeleka mahali, zinamalizia kuoza kitaalamu, kisha zinarudi sokoni ndani ya paketi ndogo yenye picha ya jani. Wapangaji wale wale wanainunua, wanatia kwenye makopo, wanapanda maua.

"Kwa nini msichimbe shimo hapa hapa?"

"Wapi, mzee? Hapa kote ni simiti." Alisema bila huzuni, kama mtu anayetaja jina la mtaa wake. "Unatafuta chumba? Kogo wangu ana moja." Kogo ni bibi.

Bibi huyo alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, anachambua mboga. Nilizitambua kabla sijafika, zile zile chungu. Nikamsalimu chamgei, akaitikia, akaniuliza kwetu ni wapi. Nikasema nilizaliwa kwa laini, Kericho, baba alikuwa mtu wa ziwa.

"Aa, mtu wa laini. Basi unajua kuishi na ukuta mmoja." Akanipima kwa macho, mimi na begi langu jepesi. "Utakaa?"

"Nitakaa kidogo, mama."

"Kidogo ni nini? Sitaki mtu wa kuingia na kutoka kama paka. Na hapa kila chumba ina ndoo. Hiyo taka haiivi leo na kesho. Huyu mtoto atakuambia."

"Miezi, mzee," msichana akasema. "Ukifungua fungua, inachelewa."

Nilitazama ndoo, ya kijani, safi, ina mfuniko unaobana. Enzi zetu shimo halikuwa na mfuniko, na harufu yake ilijulikana, na majirani walijua tumekula nini, na Mama Chebet alisoma. Sasa mtu anaweza kula kuku mwezi mzima asijulikane, au alale njaa mwezi mzima, pia asijulikane. Vijana hawa ni wasafi kuliko sisi, na afadhali wao mara kumi kuliko mimi niliyekuwa natupa ganda mtaroni. Ila nilitamani mtu mmoja tu ainame juu ya ndoo yangu aniulize kama kuna mtu anaoa.

"Na ukihama," bibi akaendelea, bila kuinua macho kutoka kwenye mboga, "ndoo inabaki. Ndoo ni yangu."

"Na kilicho ndani?"

Akafikiri, akatupa bua moja kando.

"Ndani ni takataka. Hiyo beba, ni yako."

Nikalitia ganda langu ndooni, nikafunika, nikaomba ufunguo.